Diski Zina Siku ya Kuzaliwa

Machi 4, Jumanne

Daftari hili ni langu. Atakayelifungua bila ruhusa, mkono umuwashe mpaka mvua ziishe.

Sikusoma mimi. Darasani niliingia na ufagio, nikatoka na vumbi. Herufi nilifundishwa jikoni na mjukuu wangu alipokuwa darasa la kwanza. Akirudi shule ananikalisha kwenye kigoda, ananipa pakiti ya unga au mche wa sabuni, anasema, "Nakili, Bibi. Usipoelewa, nakili tu, kuelewa kutakuja nyuma." Nikikosea ananigonga vidole kwa mwiko. Miaka ishirini imepita na bado nanakili. Kila siku lazima ninakili kitu chenye maandishi, la sivyo mkono unasahau. Jana ilikuwa chupa ya dawa ya choo.

Leo imenyesha mvua ya kwanza. Paa la kazini linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Machi 5

Kazini kwangu ni nyumba ya kumbukumbu ya hospitali. Zamani picha za vifua na mifupa zilikaa kwenye bahasha kubwa, na mimi ndiye niliyezipangusa. Siku hizi ziko ndani ya mashine wanazoziita seva, kwenye chumba cha baridi kama kaburi, na mimi ndiye ninayefagia kaburi lenyewe na kupeleka chai ofisini.

Mkubwa wa pale ni Bwana Tai. Jina nimempa mimi. Huvaa tai hata jasho likimtiririka, na shingo anayo ya yule tai mwingine, wa mizoga. Simpendi. Nikipiga deki hanyanyui miguu.

Anayezijua mashine ni mjukuu wangu huyohuyo wa mwiko. Mimi na yeye tunaitana mke mwenza, tangu marehemu babu yake alipokuwa anamwita mchumba wake ili kuniudhi. Kasoma mpaka walimu wakachoka. Sasa ni mtalamu. Nikilisema neno hilo namba ya viatu vyangu inaongezeka kwa fahari.

Machi 7, Ijumaa

Leo nimefanya ujinga na nitauandika wote.

Zimeletwa seva mpya tatu, tupu. Kila moja ina matundu kumi na mawili ya diski. Kikao kilikuwa cha kuamua diski zikae vipi humo ndani. Mimi nilikuwa namimina chai.

Bwana Tai akasema, "Kadi ninayo. Inazifunga diski kumi na mbili zinakuwa kitu kimoja. Seva inaona diski moja kubwa, basi. Ikifa moja ndani ya fungu, wenzake wanaibeba."

"Na zikifa mbili?" mjukuu wangu akauliza.

"Mbili hazifi pamoja."

"Zikifa mbili, zile kumi nzima zinaondoka nazo. Mimi nataka kila diski ikae peke yake, seva iione kwa uso wake. Kazi ya kulindana tuziachie seva zenyewe, programu yetu imetengenezwa hivyo. Kila picha nakala tatu, kila seva na yake. Diski ikifa, tunanakili upya picha za diski hiyo moja, hatumsumbui mwingine."

Bwana Tai akaona hoja inamteleza. Akanigeukia mimi, mimi niliyekuwa na birika mkononi. "Bibi Chai, wewe mtu mzima. Kuni moja moja na kuni za fungu, zipi ngumu kuvunja?"

Mdomo wangu huu. "Za fungu," nikasema. "Umoja ni nguvu. Hilo hata kuku anajua."

Wakacheka wote. Bwana Tai akainuka, akaandika UMOJA NI NGUVU ubaoni kwa herufi kubwa, akasema, "Haya, hata bibi yake kasema." Kisha akaongeza, kwa kuwa fungu linajilinda lenyewe, nakala tatu za nini? Mbili zinatosha. Kila picha ikae kwenye seva mbili kati ya tatu.

"Mafiga mawili hayainjiki chungu," mjukuu wangu akasema. Hakuna aliyecheka.

Nyumbani hakuvua hata viatu.

"Ulitafuta nini kwenye maneno yale?"

"Niliulizwa."

"Ulikuwa unamimina chai, Bibi."

Bibi. Si mke mwenza. Hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Ulipokuwa unajikojolea, mdomo huu ndio uliokuimbia ulale. Leo unakutia aibu?"

"Leo umenitia," akasema, akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza. Ningefurahi angeubamiza.

Machi 8

Hatuongei.

Machi 10

Mvua. Hatuongei. Kapika yeye, chumvi ya makusudi. Nimekula yote nikamwangalia usoni.

Machi 12

Amenisalimia "shikamoo" kama anamsalimia karani wa posta. Nimejibu "marahaba" kama karani wa posta.

Machi 13

Nimenakili tangazo la mlangoni: USIINGIE NA VIATU VYENYE MATOPE. Wanaingia navyo.

Machi 17, Jumatatu

Diski zimepangwa leo. Katoni tatu, kila moja ina diski kumi na mbili.

Katika yote aliyoyataka mjukuu wangu, kakubaliwa moja tu. Alimwambia mwenye stoo mbele yangu, "Diski zina siku ya kuzaliwa. Zilizozaliwa siku moja, kwenye kiwanda kimoja, zina ugonjwa mmoja, na hufa kwa kufuatana. Kwa hiyo kila seva nataka katoni ya mimba yake."

Mwenye stoo ni mtu mnene, mpole, mvivu kama mto wa usingizi. Akafungua kitabu chake, akasoma tarehe tatu, zote mbalimbali. "Tofauti kabisa," akasema. "Hata baba zao hawafahamiani." Mjukuu wangu akacheka. Kwa mtu wa stoo anacheka, kwangu mimi analeta shikamoo.

Diski zilikuwa mezani zikisubiri kuingizwa, nami nilikuwa sijanakili kitu leo. Nimechukua moja ya kila katoni, nikanakili karatasi yake ya mgongoni:

Seva ya kwanza: RT 4471. 14.08.
Seva ya pili: RT 4471. 14.08.
Seva ya tatu: RT 5120. 02.11.

Mistari miwili ya juu imefanana. Nadhani nimerudia kwa uzembe, macho haya. Nilitaka kufuta, kifutio kimeisha.

Bwana Tai kasimama mlangoni saa nzima, mikono nyuma, anaangalia watu wakifanya kazi kama vile anawafuga. Mjukuu wangu ameota mapembe. Mtalamu gani asiyeweza kumsamehe bibi yake? Ningejua, nisingeshika ule mche wa sabuni, ningemfundisha kufagia tu, leo tungekuwa tunaongea.

Katoni tupu nimezichukua. Moja mlangoni kwa ajili ya matope, mbili chini ya panapovuja.

Machi 20

Mvua. Ndoo mbili hazitoshi, nimeongeza beseni.

Machi 26

Bwana Tai ameleta karatasi ya mpangilio wa diski, inatakiwa sahihi ya "mtalamu aliyepanga". Mjukuu wangu akasema, "Lakini huu si mpangilio wangu." Bwana Tai akasema, "Basi aliyekataa kusaini tutamtafutia mwenzake wa kusaini." Hakupaza sauti. Watu wa aina yake hawapazi.

Akasaini. Nilikuwa nafuta dirisha, nikaona kalamu ikining'inia juu ya karatasi. Tangu lini mkono ule unasita? Ulinigonga mwiko bila kusita akiwa na miaka saba.

Ubaoni bado pameandikwa maneno yangu. Hakuna aliyeyafuta. Nami kitambaa ninacho mkononi lakini naambiwa ubao si kazi yangu.

Aprili 2

Picha zote zimehamia seva mpya. Zile za zamani wamezikokota nje, zimebebwa. Sasa hakuna kwingine.

Aprili 9

Amekuja daktari wa mioyo ya watoto. Mwanamke mfupi, hakai. Kaomba picha ya mtoto mmoja ya mwaka juzi, alinganishe na ya leo ajue tundu la moyo limepanuka kiasi gani. Ikatoka kwenye mashine mara moja. Nikamuuliza, ingepotea je, si unampiga nyingine? Akasema, "Bibi, moyo wa mwaka juzi nitaupiga picha wapi?"

Nimelirudia hilo njia nzima nikirudi.

Aprili 10

Nilitaka kumwambia mjukuu wangu maneno ya daktari. Alikuwa amevaa vile vitu vya masikioni. Nikapita.

Aprili 15

Hatuongei, lakini leo kaninunulia viatu vya mvua, akaviacha mlangoni bila neno. Vinabana. Nimevivaa.

Aprili 22, Jumanne

Taa nyekundu kwenye seva ya kwanza. Diski moja imekufa. Bwana Tai akatembea korido nzima akisema, "Mnaona? Imekufa na kazi inaendelea. Fungu limebeba." Wakaweka diski ya akiba, wenzake wakaanza kuijaza. Mjukuu wangu akakaa mbele ya mashine tangu asubuhi mpaka tunatoka, kama mtu anayeuguza. Kuijaza ile moja, akasema, zile kumi na moja zinafanya kazi ya punda, na zote ni ndugu wa marehemu.

Alikuwa anamwambia mwenye stoo. Lakini aliniangalia mimi.

Aprili 23, Jumatano

Nimekaa jikoni kwangu, nje bado kuna mwanga, mvua imeshika. Naandika yote kabla mikono haijapoa, kwenye karatasi ya kufungia sukari, na kwa nini si kwenye daftari nitasema.

Saa tatu asubuhi diski ya pili ilikufa kwenye seva ileile, ile ya akiba haijafika hata nusu. Fungu lote likaanguka. Diski kumi nzima, hazina kosa, zikaondoka na mbili zilizokufa. Nilikuwa na ndoo mkononi nikaona taa zote zinageuka. Hata mimi nisiyesoma nilielewa.

Wakakaa kikao wakiwa wamesimama. Bwana Tai, mwenye stoo, mjukuu wangu, na daktari wa mioyo aliyekuja kuuliza kwa nini picha zinakwama. Bwana Tai jambo la kwanza alilolitoa mfukoni ni ile karatasi.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu," mjukuu wangu akasema. "Kunifukuza utanifukuza baadaye, sasa hivi nisikilize. Kila picha ilikuwa na nakala mbili. Zilizokuwa kwenye seva ya kwanza na ya pili, sasa zimebaki kwenye ya pili peke yake. Zilizokuwa kwenye ya kwanza na ya tatu, zimebaki kwenye ya tatu peke yake. Kuziokoa za seva moja ni siku mbili. Nianze na ipi?"

"Anza na yoyote."

"Siyo yoyote. Kama mojawapo ni ndugu wa iliyokufa, nayo itakufa wiki hii. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo, leo, na kwa upole. Nikianza na nyingine, zinaondoka."

"Chomoa diski usome tarehe yake."

"Nichomoe diski kwenye fungu lililochoka? Nitakuwa nimeliua mwenyewe. Na seva haiwezi kunisaidia, kadi yako imezificha. Inaona fungu, haioni nyuso."

Mwenye stoo akaleta kitabu, anahema. "Si nilikwambia zote tofauti. Februari tatu, Februari kumi na tisa, Machi kumi."

Mjukuu wangu akaangalia kitabu, akauliza polepole kama anayemuuliza mtoto, "Mzee wangu, hizi ni siku walizozaliwa, au siku walizofika kwako?"

Yule mtu akashika kichwa. "Walizofika," akasema. "Kwani kuna nyingine?"

"Katoni ziko wapi?" daktari akauliza.

Wakanigeukia. Nikawaonyesha moja mlangoni kwenye matope, mbili chini ya panapovuja. Zilikuwa uji. Karatasi zake zimeoshwa na mvua ya wiki tano, hazina hata herufi moja.

Ndipo nikakumbuka.

Nilikwenda kwenye chumba changu cha chai, nikatoa daftari kwenye mkoba, nikafungua Machi 17. Ilikuwapo, mistari mitatu. Sikuwa nimerudia kwa uzembe. Macho yangu yalikuwa mazima, diski ndizo zilizofanana.

Na chini yake, ukurasa uleule, mapembe ya mjukuu wangu. Na Bwana Tai na ufugaji wake. Ukifungua nyuma yake ndiyo mabaya zaidi.

Niliushika ukurasa kwa vidole viwili. Sitadanganya, nilianza kuuchana, kidogo, upande wa juu, mchaniko utaonekana. Nikafikiri, ninakili namba kwenye karatasi safi nipeleke hiyo. Lakini nani angeiamini karatasi ya leo, ya mwanamke wa ufagio, kuhusu jambo la Machi? Daftari zima lingeaminika kwa sababu lina matusi. Hakuna anayejitengenezea ushahidi akajitukana nao.

Nikarudi. Nikaliweka mezani. "Namba za diski nilizinakili zilipokuwa zinaingizwa," nikasema. "Ukurasa huo. Mengine yaliyomo ni yangu."

Bwana Tai akalidaka yeye kwanza. Akasoma kwa sauti, ili anicheke. "Seva ya kwanza, RT 4471. Seva ya pili... Bwana Tai kasimama mlangoni saa nzima, mikono nyuma, anaangalia watu wakifanya kazi kama vile..." Akafunga mdomo. Mwenye stoo akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Daktari akauliza, "Kama vile nini?"

Mjukuu wangu akalichukua mkononi mwake. Akasoma ukurasa wote, mpaka chini. Nilimwona alipofika kwenye mapembe. Nilimwona alipofika kwenye kufagia. Uso wake haukubadilika, na hilo kalirithi kwangu.

"Ya pili," akasema. "Seva ya pili ni pacha wa marehemu. Tunaanza nayo, picha zake ziende kwenye diski za akiba. Ya tatu haiguswi."

"Kwa ushahidi wa daftari la..." Bwana Tai akaanza.

"Mimi ninamwamini," daktari akasema. "Anza."

Akaondoka na daftari langu kwapani.

Aprili 24

Bado naandika kwenye karatasi ya sukari. Daftari hajarudisha, wala hajasema neno. Amekaa kazini kutwa. Nimempelekea chai mara nne, hakunywa hata moja, na kila mara nimeondoa ya baridi nikaweka ya moto.

Aprili 25, Ijumaa

Saa nane mchana picha ya mwisho ilitoka seva ya pili. Saa kumi, diski ya kwanza humo ikafa. Ya pili ikafuata kabla hatujafunga ofisi. Nilisimama mlangoni nikaziona taa zinageuka tena, zilezile, lakini safari hii zilianguka tupu. Mwenye stoo alikaa chini sakafuni palepale nilipopiga deki. Sikumfukuza.

Aprili 28

Bwana Tai ametoa barua mbili. Mjukuu wangu kapewa onyo, kwa sahihi yake. Mimi nimepewa onyo kwa "lugha isiyofaa dhidi ya uongozi", na kuanzia leo siingii tena chumba cha vikao. Chai nitaiacha mlangoni. Nimeinakili barua yote. Ina makosa mawili.

Daktari naye ameandika barua yake, ya kwenda juu kuliko Bwana Tai. Hiyo sijaiona. Lakini leo Bwana Tai alinyanyua miguu nilipopiga deki.

Mei 5

Seva zote tatu zimevunjwa fungu. Diski moja moja, kila moja na uso wake, nakala tatu kila picha, na za katoni zilizokaguliwa siku ya kuzaliwa. Kadi ya Bwana Tai iko kwenye droo. Mtu amefuta ubao. Si mimi, ubao si kazi yangu.

Nyumbani bado kimya. Nimesema nitakaa kimya mpaka mvua ziishe, nione nani atachoka.

Mei 11, Jumapili

Mvua zimeisha. Nimeamka nikakuta daftari juu ya meza ya jikoni.

Amelipitia lote. Hakufuta hata tusi moja. Lakini kila mahali nilipoandika "mtalamu" kapiga mstari mwekundu, kama zamani. Chini ya Machi 17, pembeni ya ule mchaniko, ameandika kwa mwandiko wake mdogo:

*Mke mwenza. Ni MTAALAMU, a mbili baada ya t. Nakili mara kumi, la sivyo mwiko uko palepale. Na viatu kama vinabana sema, nitabadilisha. Nimekununulia kifutio, kiko chini ya birika.*

Mtaalamu. Mtaalamu. Mtaalamu. Mtaalamu. Mtaalamu. Mtaalamu. Mtaalamu. Mtaalamu. Mtaalamu.

Tisa. Ya kumi aje anidai mwenyewe, namsikia anaamka.

Kifutio nimekitupa nje ya dirisha.